Kalamu ya Mkono Mmoja

Machi 4

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na wateja bado wanakuletea kalamu zao mbovu. Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Nilikwambia nimepata kazi maabara. Sikukwambia maabara ya nini. Ni nyumba ya nyoka, Mjomba. Tunawakamua sumu, inatengenezewa dawa ya walioumwa. Mzee mshika nyoka anamkaba nyoka nyuma ya kichwa, mimi nashika kikombe cha kioo kwa mkono wa kushoto, nyoka anang'ata, sumu inachuruzika. Kwa mkono wa kulia naandika aina ya nyoka kwenye lebo. Kuandika mapema ni mwiko, kwa sababu nyoka akigoma anatolewa mwingine. Na Mzee hawezi kumrudisha sandukuni kabla sijaandika. Sumu zinafanana machoni. Ukikosea lebo, umeua mtu usiyemjua.

Ndiyo maana nilikuomba ile kalamu ya wino ya kubonyeza. Sina mkono wa pili wa kuvua kifuniko. Na wino lazima uwe usiofutika, maana vikombe tunavipangusa kwa spiriti. Lakini wino huu unakauka ndani ya kalamu. Jana nimebonyeza, ncha ikatoka, haikuandika. Nikaitikisa. Nikaikwaruza mezani. Mzee kamshika fira, anasema taratibu, "Andika, binti. Mkono unachoka." Nikaikwaruza tena, ndipo ikaandika.

Nifanyeje? Mama usimwambie.

Mpwa wako


Machi 13

Mpwa wangu,

Marahaba. Mgongo uko palepale, haujahama. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Nyoka! Mama yako akijua, mimi ndiye atakayenimeza kwanza.

Sasa sikiliza. Kalamu ya kubonyeza haina kifuniko cha kuibana. Ina kijilango tu kwenye mdomo, ncha ikirudi kinafunga. Kijilango hicho kikishika utando wa wino hakifungi vizuri, hewa inaingia, na wino usiofutika ukishakauka ni kama saruji. Kwa hiyo: kila ukimaliza neno, rudisha ncha, hata kama utaandika tena sasa hivi. Usijaze wino hadi juu. Jaza wa siku chache, uishe, uoshe. Osha kwa maji safi ya baridi, ujaze na kumwaga mpaka yatoke meupe, na mdomo uupanguse kwa kitambaa kisicho na nyuzi. Usichanganye aina mbili za wino, zitaganda kama maziwa. Ikilala, ilale ncha juu. Asubuhi, kabla hujaingia kwa hao wenzako wasio na miguu, andika mstari mmoja kwenye karatasi. Ikisita, gusisha ncha kwenye tone la maji.

Na ukiweza, acha kazi hiyo. Hilo ndilo ninalolijua zaidi ya kalamu.

Mjomba wako


Aprili 2

Mjomba,

Shikamoo, na asante. Kalamu sasa inaandika kama inasukumwa. Nabonyeza, naandika, nabonyeza, imelala. Mzee ananitania kwamba nimeolewa na kalamu.

Lakini hofu haijaondoka, imehama tu. Nilidhani siku ile ya fira mkono wa Mzee ulitetemeka kwa kuwa nilichelewa. Siyo. Sasa nawahi, na bado unatetemeka. Juzi koboko alipotoa kichwa, kidole gumba cha Mzee kilicheza. Kidogo tu, kama kope. Koboko alikiona. Nakuapia, Mjomba, alitulia akakitazama.

Baadaye nilimkuta Mzee akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Akaniambia, "Binti, nakaribia kustaafu. Usinichome kwa mkuu." Ananipenda kama mwanawe. Ndiye aliyenifundisha kusimama bila kupumua kwa nguvu. Nikifumba macho nakiona kile kidole.

Mpwa wako


Aprili 11

Mpwa wangu,

Marahaba. Sitaandika utani leo.

Mwambie mkuu wenu. Mzee atakasirika, na hasira hupoa. Mimi mwenyewe niliacha kutengeneza saa mikono ilipoanza kucheza, nikabaki na kalamu, kwa sababu kalamu haiumi. Huruma hiyo usiilipie kwa mwili wako. Mwambie kesho. Kisha uniandikie upesi. Mama yako ameanza kuuliza mbona nashinda nikichungulia mlangoni.

Mjomba wako


Mei 6

Mpwa wangu,

Hujambo? Sijapata neno lolote kwako. Simu yako haipatikani. Nimepiga hapo kazini, amepokea mtu akasema "subiri", nikasubiri, ikakatika. Nimepiga tena, hakuna aliyepokea.

Kama umenikasirikia, kasirika, lakini andika. Hata neno moja. Siwezi kula.

Mjomba wako


Mei 15

Mjomba wangu,

Shikamoo. Niko hai. Nimeanza na hilo ili usisome huku umeshika moyo.

Mwandiko usiushangae. Mkono wa kushoto bado hauna nguvu ya kushika karatasi, nayo inanikimbia kitandani.

Mkuu nilimwambia. Akacheka: "Mzee huyo ameshika nyoka tangu wewe hujazaliwa." Wiki iliyofuata kidole kilicheza tena, koboko akageuka kama mjeledi. Niliona kikombe kikianguka kabla sijasikia maumivu. Aliniuma juu ya kifundo cha mkono wa kushoto. Koboko alikuwa huru chumbani, Mzee akabaki kupambana naye, akapiga kelele nitolewe. Dereva akanibeba garini. Dereva hajui koboko wala kenge. Alikuwa analia tu.

Mjomba, ulimi ulikuwa mzito. Nilitaka kusema, maneno yakatoka kama uji. Nikajua nikifika hospitali nitakuwa bubu, na kila dawa ina nyoka wake. Kalamu ilikuwa mkononi. Nikabonyeza, nikaandika kwenye mkono ulioumwa: KOBOKO. Mwendo wa gari ulivuruga herufi, lakini wino ulitoka. Kisha sikumbuki.

Muuguzi aliniambia nilifika nimeloa jasho na povu. Walinipangusa kwa spiriti mkono mzima watafute mshipa, na lile neno likabaki, wakajua dawa ya kunipa. Walinipumulia kwa mashine siku ambazo sizijui.

Sasa naogopa kila kitu. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Jana mimi nilipigia kelele mpira wa dripu, wodi nzima ikaamka. Nikilala naona kidole kile. Mzee anakuja kila siku, anakaa kwenye benchi la nje, haingii. Leo nimemwita. Kasimama mlangoni, mikono mfukoni. Ameacha kazi.

Mkuu ameleta matunda na kuuliza nitarudi lini. Matunda nimewagawia wodi. Usiniandikie, Mjomba. Ukiandika nitaogopa tena kungoja. Njoo tu.

Mpwa wako


(Kikaratasi kilicholetwa wodini na mlinzi)

Mpwa wangu, niko getini na mama yako. Nimemwambia yote, amenipiga kwa mkoba, sasa anakulilia. Wanasema saa ya kuona wagonjwa bado. Hatuondoki. Kama unaweza kufika dirishani, tazama chini.

Mjomba