Maporomoko Makavu ya Bariadi

Mama Zaina, salamu nyingi kwako na kwa watoto. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechoka.

Jumapili mama mwenye nyumba wangu alitupandisha, mimi na wanawe, kilima cha mawe nyuma ya mji. Nilikuwa nimemsifia maporomoko yetu ya Soni, akanijibu, "Hata sisi tunayo, Msambaa, usituringie!" Ni mwendo wa nusu saa, hata kitinda mimba wake alifika kwa miguu yake. Juu tukakuta jiwe kavu lenye alama nyeusi. "Maji yanapita hapa, mvua ikinyesha," binti yake Minza akasema, akacheka. Tukakaa tukala matobolwa, viazi vitamu vyao vya kuchemsha na kukausha.

Ukiwa pale unaona tambarare yote, na kile kiwanda cha pamba nilikofuata kazi ili tumsomeshe Zaina wenyewe, asiende kulelewa na kaka yako. Kila siku sisi tunaotafuta kazi tunakaa getini, na mlinzi anasema, "Subirini, pamba inakuja." Kweli ilikuwa inakuja. Niliona malori ya wanunuzi binafsi yamejaa pomoni, yakafika njia panda ya kiwanda, na hata moja halikukata kona. Yote yakashika barabara ya Lamadi. Watoto wakayapungia mikono.

Mke wangu, kazi hapa haipo. Mpeleke Zaina Tanga kwa mjomba wake. Mungu akutunze, nakukumbuka sana. Msuke nywele kabla hajaondoka, na umwambie baba yake hakumkataa.

Baba Zaina