Nilisema ni Stoo

Chumba Namba 7,
Nyuma ya Kiwanda cha Suruali,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko mbali, wewe, wifi na wanangu. Hujambo? Mgongo unasemaje na baridi hiyo? Wifi aliniandikia kwamba siku hizi unalala na soksi mbili mbili, wewe uliyekuwa hapa unalala kifua wazi na bado unalalamika joto! Na yule mdogo ameshaota meno? Sisi huku tunaamka. Zaidi ya hapo sisemi, maana sitaki kuanza barua hii kwa uongo.

Mama anakula kidogo. Kila asubuhi anazikunja nguo za mdogo wetu Mluzi, anazikunjua, kisha anazikunja tena. Sijathubutu kuziondoa.

Kaka, siku ya maziko ulinipigia simu ukilia, ukaniuliza imekuwaje kijana wa miaka ishirini na minne afe kwa kukosa pumzi. Nikakujibu ni kifua tu. Mama alikuwa amekaa ubavuni mwangu na sikuwa na ujasiri wa kusema zaidi. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unakumbuka ulipoondoka uliniambia, "Kitinda mimba huyo, mwangalie." Nami nikamtafutia kazi kiwandani kwetu, wakamweka chumba cha mchanga. Wewe hukijui, kilijengwa ulipokwisha kwenda. Humo suruali mpya za jinzi hupulizwa mchanga kwa bomba la upepo mpaka zipauke mapajani, zionekane zimevaliwa miaka. Tulikuwa tunacheka sana: wenzetu wa ng'ambo wananunua nguo ikiwa imeshachakaa, sisi zetu zikichakaa tunazitia viraka. Mluzi alijifunga uso kwa kipande cha shuka kuukuu. Jioni alitoka na kope nyeupe kama mwoka mikate.

Kazi hiyo wanunuzi wenyewe wameikataza, na sote tulijua. Mara mbili kwa mwaka walituma mkaguzi. Wiki moja kabla, msimamizi alipaka vyoo rangi, akatugawia glavu na barakoa, akabandika ukutani karatasi kubwa ya haki za wafanyakazi. Gari la mgeni likishatoka getini, glavu zinakusanywa na karatasi inabanduliwa. Haki zetu zilikuja na mgeni, zikaondoka na mgeni. Watu wa mchanga walipewa mapumziko siku hiyo, mlango wao ukafungwa na maboksi yakapangwa mbele yake. Na walivyokuwa wakiipenda siku hiyo! Mluzi alilala mpaka saa nne, akanifulia hata mapazia, na miluzi yake ikasikika mpaka kwa fundi viatu.

Mwaka juzi mkaguzi alikuwa mama mmoja wa makamo, mpole, amekuja na mkalimani. Nikachaguliwa kuhojiwa kwa sababu, kama usemavyo mwenyewe, mdomo ninao. Aliniuliza saa za kazi, likizo, vyoo, nikajibu kama tulivyofundishwa. Halafu akanyoosha kidole.

"Nyuma ya yale maboksi kuna nini?"

Kaka, msimamizi alikuwa mbali, hatusikii. Hakuna aliyenikazia macho. Yule mama aliweka kalamu chini akanisubiri.

Nikasema, "Ni stoo."

Akaandika. Akanishukuru.

Tulikuwa tumeambiwa chumba kile kikigunduliwa wanunuzi watahama, na watu mia nne tutarudi nyumbani. Niliwaza dawa za Mama, niliwaza kodi, nikamwaza na Mluzi mwenyewe akikaa bure kijiweni. Nilidhani namlinda. Jioni ile msimamizi alinisifu mbele ya wenzangu na, aibu iliyoje, kichwa kilinivimba.

Kikohozi kilianza baada ya miezi michache. Tukasema mafua. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi hatukuwa tunaficha, tulikuwa tunajidanganya. Mwishowe daktari alitupigia picha ya mapafu akatuambia vumbi la mawe likishaingia halitoki, na dawa yake hana. Mluzi akamuuliza kama Jumatatu anaweza kurudi kazini.

Siku za mwisho alikaa ameegemea mito mitatu, maana akilala anakabwa. Aliniona nalia, akataka kunibembeleza. Alisema kwa vipande vipande, "Dada, usijitese. Hatukuwa na bahati tu. Angetokea hata mtu mmoja akauliza mle ndani kuna nini, wangekifunga."

Nilimshikia kikombe akanywa maji. Siku ya tatu akafariki.

Wenzake sita wanakohoa hivi sasa. Chama cha wafanyakazi kimefungua kesi, na Alhamisi ya tarehe kumi mwezi ujao nitasimama kutoa ushahidi. Nitasema niliulizwa, na nitasema nilichojibu. Kazi itakwisha, na iishe. Mama anataka kukaa kiti cha mbele ili anitie moyo. Ameshanipigia pasi gauni, na bado mwezi mzima. Habari za mchanga anazijua. Habari za mlango hajui.

Nitamwambia mwenyewe Jumatano, mkesha wa kesi, baada ya chakula. Nakuomba jambo moja tu: jioni hiyo mpigie simu. Usinitetee. Ongea naye tu asibaki peke yake, maana sidhani kama atataka kukaa chumba kimoja na mimi.

Msalimie sana wifi. Wabusu wanangu, na yule wa meno umpakate kwa niaba yangu. Fundi viatu anakusalimu, na Mama anasema uvae vizuri. Mungu awafunike huko mliko na awape pumzi ya kutosha.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata kama ukifika mstari huu wewe hunipendi tena.

Dada yake Mluzi