Meza za Mtu Mmoja Zimekwisha

Jumatatu, 3 Machi

Nimefungua simu saa ya chai. Kazi za mkahawa zimebadilika. Meza ya mtu mmoja hakuna hata moja. Nimeshuka mpaka chini – watu wawili, watu wawili, watu wawili.

Kazi yenyewe si ngumu. Unaingia mkahawani kama mteja yeyote. Unakula. Unaangalia. Ukitoka unaipelekea kampuni iliyokutuma ripoti kwa simu: weita alikusalimia, supu ilikuwa ya moto, choo kilikuwa safi. Hela ya chakula wanarudisha na kidogo juu. Mwenye mkahawa ndiye anayetaka kujua. Wahudumu hawajui we ni nani. Mimi walinichukua kwa ajili ya mikono yangu. Dada wa kampuni alisema wanataka waone mbeba zege anapokelewaje. Sikuudhika. Hata mimi nilitaka kuona.

Wiki nzima nabeba. Kazini karai, nyumbani ndoo. Jumapili nakaa kwenye kiti, mtu ananiletea. Raha yangu ni hiyo tu.

Sasa wa pili nimtoe wapi. Wangu yuko chini ya udongo.

Jumatano, 5 Machi

Za mtu mmoja zimebaki vituo vya mafuta na benki. Benki unajifanya unataka mkopo. Mimi na mkopo! Watanipa halafu itakuwaje.

Kijiko kazini kasikia. Yeye ndiye anayechanganya zege, mimi nabeba. Anasema nipeleke mimi dada, nitakula mpaka sahani. Nikamwambia ndiyo maana sikupeleki. Huyo hawezi kunyamaza hata akiwa na simenti mdomoni.

Jioni shemeji kampigia Mama. Mama ni mama wa marehemu mume wangu, naishi naye. Masikio yamechoka, kwa hiyo simu anaiweka spika, nyumba nzima inasikia. Shemeji anasema mwisho wa mwezi anakuja kumchukua akakae kwake. Unakaa hapo kwa nani, mama. Kaka hayupo. Mjukuu hayupo.

Kweli hayupo. Hatukujaliwa.

Mama hakusema ndiyo wala hapana. Kauliza bei ya vitunguu huko.

Mimi nilikuwa jikoni nakula. Yeye hula chumbani kwake. Tangu tulipozika ni hivyo. Hatujagombana. Anapika, ananifunikia changu, anaingia chumbani. Mimi narudi, nafunua, nakula. Ile meza tunawekea nguo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba Mama twende wote Jumapili. Alidhani kuna msiba.

– Tunakwenda kumchunguza nani?
– Wahudumu.
– Wamefanya nini?
– Bado hatujui.
– Basi ni uonevu.

Nimemweleza tena. Kaniuliza mara tatu kama chakula ni cha bure kweli. Halafu kasema haya, nitakwenda, usije ukapoteza kazi kwa kukosa mtu. Kama vile ananitoa shimoni.

Jumapili, 9 Machi

Nimechoka kuliko siku ya zege.

Nilimwambia Mama: wewe kula tu, usiseme kitu. Tumekaa. Weita kaja, kijana mwembamba, sinia linatetemeka. Mama akamshika mkono. Kaulizia hali yake, mama yake, kama amekula. Kijana anajibu huku anatazama jikoni. Kisha Mama akamwambia, taratibu mwanangu, usiogope, sisi hatumchunguzi mtu.

Nilitamani ardhi ipasuke.

Kijana kacheka. Nashukuru kacheka. Baada ya hapo alikuwa anakuja mezani kwetu hata tusipomwita.

Kuku alikuwa mkavu kidogo. Wali mzuri. Kijana kauliza, niwaongezee kitu? Mama kasema hapana, nimeshiba. Kijana kaenda zake. Mama kaniangalia.

– Ndiyo ameondoka?
– Umesema umeshiba.
– Mtu akikataa mara moja ndiyo unamwacha? Huyu kalelewa wapi?

Njiani tumebishana. Ripoti inauliza kama mhudumu alitupa nafasi ya kuagiza zaidi. Mimi nasema ndiyo. Mama anasema andika hapana, uulize mara moja ni kuuliza au ni kukohoa? Tumebishana mpaka mlangoni. Majirani wametusikia. Mwaka na zaidi hatujawahi kupaziana sauti. Nimelala vizuri.

Na kitu kingine. Mama aliona ninavyouvunja mfupa. Kasema marehemu naye alikuwa anatafuna mifupa hivyo hivyo, tangu meno hayajakamilika. Nikasema paka wa kwetu alikonda kwa ajili yake. Basi. Hapo tu. Lakini tumemtaja.

Alhamisi, 13 Machi

Ripoti imepita. Nimeandika kijana ni mchangamfu.

Mama anachambua maharage. Bila kuinua uso: ile kazi yako, Jumapili hii ipo? Nikasema ipo. Kasema mimi sina haja, nauliza tu.

Kitambaa chake cha kichwa kimeshapigwa pasi.

Jumapili, 16 Machi

Mkahawa mwingine, karibu na stendi. Mama sasa amekuwa bosi. Kapitisha kidole dirishani, kaninyooshea. Vumbi. Kachungulia chini ya meza. Nikamwambia Mama, tunatakiwa kufanana na wateja. Kasema mteja asiyechungulia ni mjinga.

Tumekula samaki. Kaniambia unakula kama mtu anayefukuzwa. Ni kweli. Kazini tukichelewa nyapara anamwaga chai. Mama kavuta sahani yangu, katoa miiba yote kwa vidole, karudisha. Mimi mtu mzima, nywele zina mvi. Nimekula.

Wakati wa kurudi kaniambia shemeji ameshakata tiketi. Atafika tarehe 29. Jumatatu yake wanaondoka.

Nikasema sawa.

Sawa gani? Najiuliza mpaka sasa. Ulimi wangu ni beleshi, unachota zege tu.

Jumanne, 18 Machi

Tumemwaga zege ya ghorofa ya tatu. Karai mkono kwa mkono, mchana kutwa. Shingo imekufa.

Kijiko kaniuliza mbona umenuna, au umekula wali mbichi huko kwa wakubwa. Nimemwambia habari ya Mama. Kasema si umwambie abaki.

– Atadhani nataka mpishi.
– Si anapika?
– Anapika.
– Basi mwambie hata ukipika wewe abaki.
– Sijui kupika, Kijiko.
– Hilo analijua. Kakaa na wewe miaka.

Kwake yeye mambo yote ni mepesi. Lakini mimi ni nani? Mke wa mtu aliyekufa. Yule ni mwanawe wa kumzaa, hai, ana haki ya mama yake. Nikimzuia, nimemnyang'anya mtu mama. Nisipomzuia, ataondoka akijua nimefurahi. Kote kuna mwiba.

Jumatatu, 24 Machi

Jana hatukwenda. Hakukuwa na kazi. Leo nimefungua simu – wamebadilisha tena. Sasa ni familia. Watu watatu kwenda juu.

Nimempigia dada wa kampuni. Anasema wenye mikahawa wanataka kujua meza kubwa inahudumiwaje, weita akizidiwa anafanyaje. Kaniuliza, huna familia?

– Ninayo.
– Wangapi?
– Wawili.
– Basi ongeza mmoja tu.

Anasema kama naongeza chumvi.

Iko moja Jumapili hii tarehe 30. Mwisho wa kuikubali kesho mchana. Nimemwambia Mama, basi imekwisha, watatu hatuna. Alikuwa anakunja shuka. Kasema mwanangu atakuwa ameshafika. Mchukue yeye.

Nikamtazama kama anatania. Hatanii.

Kwa hiyo nimeikubali. Anayekuja kunichukulia mtu ndiye anayenikamilishia meza.

Jumamosi, 29 Machi

Shemeji kafika mchana. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Ameniharibia. Kaingia tu kaona bomba linavuja, kavua shati, kalifunga. Bomba hilo limevuja tangu mvua za mwaka jana. Kamletea Mama sanduku jipya lenye magurudumu. Kaniletea mimi viatu vya kazi, saizi yangu kabisa. Alimuuliza Mama.

Kanipigia magoti nusu, kama mtani. Shemeji, umembeba mama vya kutosha. Sasa nakutua mzigo, nawe upumzike. Wewe bado una nguvu, usifungwe na sisi.

Anasema kwa wema. Naona machoni mwake kwamba ni wema. Angekuwa mbaya ningejua la kumwambia.

Chumba cha Mama huko ameshakipaka rangi. Kina dirisha.

Mama anapanga nguo. Anaweka, anatoa, anaweka. Sanduku liko wazi tangu saa tisa, halijajaa. Nimepita mlangoni mara nyingi nikijifanya natafuta ufagio. Kaniambia ufagio uko mkononi mwako.

Jumapili, 30 Machi

Niko chooni. Mkahawani. Mezani haturuhusiwi kuandika, wahudumu watashtuka, kwa hiyo huwa nakuja huku naandika yangu kwa haraka. Leo sikuja kwa ajili ya ripoti. Lakini daftari lilikuwa kwenye mkoba.

Tulipoingia, Mama ndiye aliyempa shemeji masharti. Kula kawaida. Usimtumbulie mtu macho. Na usiseme hatumchunguzi mtu, maana ukisema hivyo wanajua. Shemeji kacheka mpaka kakohoa. Meza yetu iko dirishani. Weita ni dada mmoja mnene, anatembea haraka, anakumbuka kila kitu bila kuandika. Tumeagiza.

Shemeji akaanza. Kesho basi ni saa mbili asubuhi, kwa hiyo saa moja tuwe stendi. Sanduku nitalibeba mimi. Shemeji wewe nenda kazini kwako, usipoteze siku, tutaagana leo usiku. Mama anakunja kitambaa cha karatasi. Anakunja, anakunjua.

Nikasema Mama asiende.

Sikupanga. Ilitoka.

Shemeji kaweka glasi chini. Polepole kabisa kaniambia, shemeji, huna deni na sisi. Si lazima. Mimi nakutua mzigo.

Nikamwambia mizigo naijua. Mizigo ndiyo kazi yangu, naibeba tangu jua halijatoka. Huyu si mzigo. Huyu ndiye anayenifunikia chakula. Nikasema na mengine. Kwamba nyumba ile nikirudi hamna mtu sitaingia, nitakaa nje mpaka usiku. Kwamba najua ni mama yake yeye, si wangu. Nikaona macho yamejaa machozi, mbele ya watu, na mikono hii ya zege.

Shemeji hakukasirika. Kageuka. Mama, unasemaje?

Mama hakumjibu yeye. Kaniambia mimi: nenda kanawe uso.

Ndiyo niko hapa. Sabuni ipo. Taulo hakuna. Sakafu kavu.

Kupitia ukutani nasikia sauti ya shemeji, kisha ya Mama, ndefu. Mama hajawahi kusema maneno marefu hivyo. Maneno yenyewe siyapati, mashine ya kukaushia mikono inavuma.

Sasa yule dada weita kaingia kunawa.

– Wewe ndiye wa meza ya dirishani?
– Ndiye.
– Chakula kiko tayari, lakini mama yako amenirudisha nacho jikoni. Amesema hakianzi bila wewe.

Sikumsahihisha.

– Na yule kaka?
– Ametoka nje na simu. Anazunguka zunguka pale kwenye maegesho.
– Anampigia nani?
– Dada, mi nitajuaje?
– Na Mama? Amekaa au amesimama?
– Amekaa. Ila amehama kiti. Alikuwa upande wa yule kaka, sasa yuko upande wako.

Kaenda. Kauliza mara mbili kama niko sawa, hilo nitaliandika.

Nimenawa. Nimejifuta kwa gauni. Ripoti inauliza kama chakula kilifika kwa wakati. Kimechelewa. Kosa si lao.