Ndoo ya Tatu ya Majivu

Dada yangu mkubwa,

Pokea salamu kwa mikono miwili. Kifua cha mama kimetulia? Shemeji bado anakoroma mpaka mabati yanainuka? Mimi mzima kama kengele, tena bahati imeniangukia utosini: nimekuwa msimamizi wa tanuru zima! Nina kiti changu. Wenzangu wananiita bosi, mimi niliyekimbia shule kabla ya hesabu za kugawanya.

Sasa tuliza moyo, maana nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Unajua matofali yetu tunachanganya udongo na majivu ya pumba za mpunga. Ni kazi nzuri ikifanywa na watu: ndoo moja ya majivu meupe kwa rundo la udongo, na tofali linatoka jepesi, imara. Tajiri wetu akaupenda ule wepesi, lori lipakie mengi zaidi. Akaamuru ndoo tatu! Na majivu yenyewe meusi, pumba hazijaungua hata nusu. Nikamwambia chumvi ni tamu, ila hakuna anayekula sahani ya chumvi. Akanijibu kwamba hakuniajiri nimfundishe upishi, na kwamba mnunuzi hutazama rangi, hangoji mvua.

Basi wiki hii dereva wa lori ananisifia chai yako. Nikamuuliza umeionjea wapi? Kumbe matofali ya chumba unachomjengea mama umeletewa yale yale, naye ndiye aliyekushushia! Damu ilinichemka.

Jana wakaja wanunuzi. Tajiri akawaapia kwamba vitukuu wao watarithi kuta hizo. Nikachomoa tofali chini ya rundo, nikalitumbukiza kwenye pipa la maji mbele yao. Hawajamaliza soda zao, limekuwa uji. Tajiri akaniita nyoka. Nikamwambia afadhali nyoka kuliko yeye anayeuza vumbi lenye pembe nne.

Dada, usiezeke. Mama asilale humo hata usiku mmoja. Shemeji akibisha, loweka tofali kwenye ndoo, umkalishe pembeni atazame mwenyewe. Kisha bomoeni.

Mbusu mama, wapapase wanao vichwa. Jumamosi nakuja na nyundo.

Najua utauliza, msimamizi mzima ameshindwa kukubadilishia matofali? Hakuna usimamizi, dada. Hakuna kiti. Nilikuwa mkanyaga udongo, ndoo ya tatu nimeimwaga kwa mikono hii hii, na jana nimefukuzwa.

Ni mimi, mdogo wako