Dada wa Kazi

Kwako Shangazi,

Huku hatujambo. Mafua yameniachia, na paa la jikoni halivuji tena tangu fundi abadilishe bati.

Uliniuliza habari za siku ile wakwe walipokuja kumwona mdogo wangu. Nilipita kwake nikitoka kufagia soko, aproni ingali mwilini, nikawakuta wameshafika. Mama mkwe akauliza mimi ni nani. Mdogo wangu akawahi kujibu: "Huyu? Ni dada wa kazi."

Nikachukua birika, nikawamiminia chai. Yule mama akanishukuru, kisha akaniuliza, "Umekaa naye siku nyingi?"

"Tangu alipozaliwa," nikamwambia. "Mama yetu alipofariki nilimbeba mgongoni, nikamsomesha kwa ufagio. Kazi nafanya kweli, na dada yake ni mimi." Nikaketi kwenye kochi, nikajimiminia na mimi.

Mdogo wangu ameninunia mpaka leo. Ameagiza niambiwe kwamba harusini nikae nyuma, nisijitambulishe. Nitakwenda, na nitakaa mbele kabisa, pale anapokaa mama wa bibi harusi. Asiyetaka kuniona ageuze shingo.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako,
mfagiaji wa soko.