Hujajadili, Umekubali Tu

Kwa dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wote wa nyumbani. Natumaini mgongo wako umepunguza kelele zake. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haitulii hata kidogo. Tangu nianze mstari wa kwanza nimeshainuka, nimekwenda dirishani, nimerudi, nimechonga penseli ambayo wala siitumii. Sababu yake nitakueleza, lakini nakuomba usiruke mistari. Nakujua: unasoma mwanzo, unasoma mwisho, halafu unauliza katikati palikuwa na nini.

Mama anaendeleaje? Kwenye simu siwezi kuuliza vizuri, maana mwanao ninayeishi naye hapa huwa karibu, nami hubaki nikisema "aha" na "vizuri" kama ninaongea na fundi wa bomba. Tangu uliponiambia kwamba daktari amewarudisha nyumbani na kusema hana la kufanya zaidi, sijui ninakula nini wala ninafundisha nini. Juzi nilisahihisha karatasi moja mara mbili, nikaipa alama tofauti. Mwenye karatasi alikuja kuuliza achukue ipi, nikamwambia achukue kubwa aende zake.

Nakuandikia nikiwa chumba cha walimu. Watahiniwa wetu wamebakiza siku za kuhesabika, na shule nzima inatembea kwa kunyata. Mkuu wa shule amekataza hata kuburuta madawati. Ubao wa darasa lao umejaa maswali ya miaka iliyopita mpaka tarehe imekosa pa kuandikwa. Mwalimu wa hesabu, yule mcheshi niliyewahi kukusimulia, anasema mtihani ni wa watoto lakini tumbo la kuharisha ni letu sisi.

Sasa habari za mwanetu, mmoja wa watahiniwa hao. Wenzake wamempa jina: wanamwita Sawa. Ukimwambia afute ubao, sawa. Ukimwambia amekosea, sawa. Ukimwambia hakukosea, pia sawa. Nilikuwa nacheka pamoja nao mpaka ulipokuja mtihani wa majaribio. Swali la insha lilisema shule za bweni ni bora kuliko za kutwa, kisha likaamuru: jadili. Dada, mtoto aliandika kurasa na kurasa, mwandiko umenyooka kama nguo iliyopigwa pasi, akakubali tangu mwanzo hadi mwisho. Hamna "lakini" hata moja. Na swali la kujadili linataka pande zote mbili, ndipo utoe msimamo wako. Ukiandika upande mmoja, nusu ya alama imekwenda na maji. Nikamwandikia kwa kalamu nyekundu: Hujajadili, umekubali tu.

Nilipomuuliza kwa nini, alijibu kwa upole kwamba kwetu mtu akisema "lakini" huambiwa anajibizana na wakubwa. Wewe na mimi tumelelewa katika nyumba hiyo hiyo, na neno hilo lilikuwa likitukwama kooni.

Basi nikaanza kumfunza jikoni. Kila jioni tukipika mimi nasema jambo, naye lazima alipinge kwa hoja, la sivyo sahani yake inabaki tupu. Mwanzoni alipinga kwa kuomba radhi: samahani mama mdogo, naona kama chumvi imezidi. Baadaye akachangamka. Akapinga ninavyokata vitunguu, akapinga kalamu nyekundu, akapinga hata ile posa niliyoikataa, eti yule bwana hakuwa na kasoro, ni mimi tu mwoga. Nikamwambia hoja hiyo haimo kwenye silabasi.

Wiki hii tulikuwa tunachambua mchele, akaniambia leo swali analitoa yeye. Swali lenyewe lilikuwa hili: mtahiniwa afichwe habari mbaya za nyumbani mpaka amalize mtihani, jadili. Nusura niangushe ungo.

Akaanza na upande wako, dada, wa kuficha, na aliutetea kuliko wewe unavyoweza kuutetea. Alisema kichwa ni kimoja na mtihani haumngoji mtu. Alisema mzazi aliyehangaika miaka yote hii hataki kuona mambo yanaharibika mlangoni, na anayeficha huficha kwa mapenzi. Kisha akavuta pumzi, akasema lakini. Alisema anayefichwa hujua kwamba anafichwa. Asichojua ni ukubwa wa jambo, na akili yake hushinda ikikisia, kila siku inakisia baya kuliko la jana. Alisema kila akipiga simu unamwambia bibi amelala, na bibi aliyemlea yeye hajawahi kulala mchana. Wanaolala mchana alikuwa akiwaita magunia. Amejua tangu kabla ya mtihani wa majaribio. Alinyamaza kwa ajili yangu, kwa kuwa aliniona nikisahihisha huku nikipangusa macho, akaona nina mzigo wa kunitosha.

Nililia, dada, sikuona aibu. Kumbe tulikuwa tunafichana kitu kimoja ndani ya chumba kimoja. Nikamweleza yote, hata alilosema daktari. Hakupiga kelele. Aliuliza tu kama bibi bado anaongea, nikamwambia asubuhi huwa anaongea kidogo.

Najua nimevunja agizo lako. Uliponiambia nisimwambie nilijibu "sawa dada", kama nilivyokujibu maisha yangu yote. Mtoto huyu hakuliokota jina lake barabarani. Lakini bibi ndiye aliyemwogesha na kumpeleka shule siku ya kwanza wakati wewe uko kazini. Mtihani una marudio, na mama hana. Naogopa, sitakudanganya. Huenda akamwona bibi yake katika hali ile, arudi hapa akae mbele ya karatasi bila kuandika kitu, na jasho lako la miaka yote liishie hapo. Nimeliwaza hilo mpaka kichwa kinauma, na bado naona ni heri hivyo kuliko aje asikie tumeshazika. Simu sikukupigia kwa sababu ungekataa, na sauti yako ikipanda mimi hufyata mkia.

Nimekwenda kumwomba ruhusa mkuu wa shule. Alinuna, akasema mtoto akiharibu atanikumbusha mpaka nistaafu, kisha akatoa ruhusa hadi Jumapili. Karatasi ya kwanza ni Jumatatu.

Kwa hiyo, dada, barua hii haikupita posta. Aliyekukabidhi, huyo aliyesimama hapo mlangoni na begi lake, ndiye niliyemtuma. Nimemwambia asiseme neno mpaka umalize kusoma. Tafadhali usimfokee. Ana hasira kidogo nawe na ana hofu nyingi, na safari imemchosha. Mpe maji, kisha mpishe aingie kwa mama. Kama mama ameshatangulia kabla hajafika, mwambie wewe mwenyewe, waziwazi, huku umemshika. Jumapili mpandishe gari la asubuhi. Akifeli, lawama ni zangu, na nitazibeba mbele ya shemeji na mbele yako.

Nisalimie wote hapo nyumbani, wakubwa kwa wadogo. Mimi siwezi kuondoka, darasa zima linaniangalia mimi. Mpe mama shikamoo yangu, umwambie nitakuja siku watakapoweka kalamu chini. Mwambie nimemwomba aningoje.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Mwalimu