Aliyemtoa Tabu Akae Dunguni

Songo Songo, 4 Agosti 2024
Leo miezi mitano tangu niondoke Mchinga

Dada Skolastika, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi mzima, ila mgongo na mikono. Kutwa tunachemsha dagaa na kuwaanika, chumvi imenichimba vidole. Simu iliingia maji, ndiyo maana naandika.

Watoto hawajambo? Mihogo je? Najua ndiyo chakula chenu mpaka masika. Mbwa wangu Tabu bado anafukuza nyani? Jirani Optatus anampa makoko ya ugali kama tulivyopatana? Tabu analinda mashamba yote mawili, lako na lake, na makoko ndiyo mshahara wake.

Mdogo wako, Cletus

Mchinga, 25 Agosti

Mdogo wangu, marahaba. Milele amina. Sisi wazima, lakini keti kwanza. Tabu hayupo.

Ilikuja familia na gari kutoka Dar, baba, mama na watoto watatu, wanatembea pwani na kulala kwenye hema. Wakalisimamisha karibu na mikorosho yetu. Mbuzi wangu wakala mkate mikononi mwa watoto. Na Tabu unamjua, akifurahi mkia unatikisa mwili mzima. Akalala katikati yao kama ndugu yao wa tumbo moja. Asubuhi mimi niko kanisani, wakauliza mbwa ni wa nani. Optatus akasema, "Wangu. Mchukueni tu, mbwa wanazaliwa kila siku." Alitaka aonekane mtu mkubwa. Wakampa kofia.

Narudi, gari limeshaondoka. Sasa nyani wanaingia mchana kweupe. Wameng'oa matuta kumi.

Dada yako

Songo Songo, 9 Septemba

Dada, shikamoo. Nashukuru mko wazima.

Nilivyosoma nilimwaga beseni zima la dagaa. Msimamizi akatukana, sikumsikia. Kwa kofia? Tabu nilimlea kwa uji wangu tangu hajafungua macho.

Usimlaani Optatus. Laana hailindi mihogo. Akikupa hela au kuku, usipokee. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji useme mbele za watu: aliyemtoa mlinzi akae ulinzini. Ajenge dungu refu mpakani, apande kukipambazuka, apige debe kuwafukuza nyani mpaka jua lizame, Jumapili pia. Mchana mpelekee makoko. Makoko tu.

Mdogo wako, Cletus

Mchinga, 20 Oktoba

Mdogo wangu, marahaba. Hatujambo, na mihogo iliyobaki imepona.

Mwenyekiti alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akakubali. Optatus yuko dunguni wiki ya tano. Mwanzoni nyani walimwogopa. Sasa wamemzoea, dume moja kubwa hukaa chini ya ngazi likimsikiliza, inambidi ashuke alikimbize. Watoto wakienda shule wanamwita Tabu, wakirudi wanamwita Tabu. Makoko ya siku ya kwanza aliyamwaga. Siku ya nane aliyala.

Jana akaniambia, "Skola, mwandikie mdogo wako. Korosho zangu zinaozea chini, mke wangu peke yake haziwezi. Nimekoma."

Sikufurahi kama nilivyodhani. Mwachie, Cletus.

Dada yako

Songo Songo, 3 Novemba

Dada, shikamoo. Kifua kinanibana kwa moshi, lakini napumua. Barua yako nimewasomea wenzangu mara tatu, wamecheka mpaka kazi ikasimama.

Unasema nimwachie. Wewe ulipata moyo wa mama, mimi sikuupata. Huko Dar sijui Tabu amefungwa mnyororo au analazwa kitandani. Sijui kama ananitafuta. Hilo Optatus hawezi kunijibu hata akikaa juu miaka kumi.

Korosho zake watoto wako waziokote wampelekee mkewe, yeye hakunikosea. Ila Optatus asishuke. Ruhusa ya kushuka nitampa mwenyewe, nikimtazama usoni. Mwambie nafika Jumamosi, tarehe 7 Desemba.

Mdogo wako, Cletus